Kesi ni Kesi, Chakula ni Chakula



Kazi ya karani wa parokia ni kuandika. Naandika ubatizo, naandika ndoa, naandika waliotutangulia. Lakini wanaonifahamu wajua ya kuwa siku nyingi meza yangu ni meza ya barua za watu. Huyu ataka barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu, yule ya kwenda kwa mtoto wake aliyehamia Dar es Salaam akasahau njia ya nyumbani. Naandika zote, maana nilisomea ualimu, na mpaka leo wengi huniita mwalimu ijapokuwa chaki niliiacha zamani.

Juma moja mama wa kigango kimoja cha ufukweni aliingia ofisini, akaketi kwenye benchi, kapu lake miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nataka uniandikie barua kwa mkuu wa gereza."

Nikachukua kalamu. "Niandike nini?"

Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Andika hivi tu: Je, mwanangu anakula?"

Ndugu wasomaji, kalamu ikasimama. Mwanawe ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mvuvi wa dagaa kama vijana wengine wa kwetu. Miezi miwili alikuwa amekaa mahabusu katika gereza moja la wilaya, akishitakiwa kwa wizi wa nyavu na taa za jirani yake. Hukumu haijatoka. Mama huyu kila juma alikuwa akipika wali na sato wa kukaanga, anapanda gari, anampelekea. Nauli na samaki vimekwisha kula mbuzi wawili. Mbuzi wa tatu alikuwa amekwisha kupata mnunuzi. Nyumbani ana wasichana wawili wa shule, na siku ya safari hao hula michembe mitupu ili kaka yao apate samaki.

Sasa sikilizeni. Mwenye nyavu zile naye ni wa jumuiya ileile. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kulipa zaka, akasimama mlangoni, akasikia yote. Akasema bila kuficha, "Mwalimu, mimi niliibiwa nyavu tatu na taa zake. Watoto wangu wanalala na uji. Yule yuko ndani anakula ugali na maharage ya serikali, kodi yangu hiyo. Na bado apelekewe sato! Nani aliyeibiwa hapa, mimi au yeye?"

Mama akainamisha kichwa. Mimi sikumjibu yule mzee, maana swali lake halikuwa la kipumbavu. Mtu aliyeibiwa ana haki ya kulia. Barua pia sikuiandika. Nilimwambia mama, "Jumamosi tutakwenda pamoja." Usiku nikawasha taa, nikafungua madaftari yangu ya chuo na vitabu vingine, nitafute jambo hili la chakula cha wafungwa limetoka wapi.

Nikaona ya kuwa maneno ya mzee wetu si mapya. Yalisemwa London miaka mia mbili iliyopita. Huko kulikuwa na gereza kubwa kando ya mto Thames, jina lake Millbank. Watu wakanung'unika: wafungwa wanakula vizuri kuliko maskini walio huru! Wakubwa wakasikia, na mwaka 1822 wakapunguza chakula. Viazi vikaondolewa, nyama ikabaki ya kutia ladha tu katika supu. Haikupita miezi mingi, mwaka 1823 fizi za wafungwa zikaanza kuvimba na kutoka damu, miguu ikaota madoa, wengine wakashikwa na kuhara damu. Ndio ugonjwa tunaouita kiseyeye, unaotokana na kukosa mboga mbichi na matunda. Mamia waliugua, na wengine wakafa. Hapo ndipo waliporudishiwa nyama, wakapewa na machungwa. Fikirini: hakimu alimfunga mtu miaka kadhaa, sahani ikamhukumu kufa. Sahani ilipata wapi mamlaka hayo?

Mfano wa pili watoka Marekani, nao wagusa sufuria zetu wenyewe, maana ni habari ya mahindi. Miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, katika majimbo ya kusini ya nchi ile, maelfu ya maskini walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi hubabuka penye jua, tumbo huharisha, mwisho akili huvurugika na mtu hufa. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari wa serikali aliyeitwa Joseph Goldberger akasema hasha, ni chakula. Katika nyumba za yatima za mji wa Jackson, Mississippi, aliongeza maziwa, mayai, nyama na jamii ya maharage katika chakula cha watoto, na ugonjwa ukatoweka.

Wengine hawakumsadiki. Basi mwaka 1915 akaenda katika shamba la gereza la Rankin, katika jimbo lilelile. Gavana aliahidi ya kuwa wafungwa watakaokubali kujaribiwa watasamehewa kifungo. Kwa miezi kadhaa wafungwa 11 walilishwa unga wa mahindi, mikate ya ngano nyeupe, wali, asali ya miwa, viazi vitamu na majani kidogo. Maziwa hapana, nyama hapana, mayai hapana, maharage hapana. Matumbo yalijaa kila siku. Lakini kabla mwaka haujaisha, 6 kati yao walikuwa wametokwa na vipele vya pelagra. Gavana akatimiza ahadi, wakaachiliwa. Mwaka 1937 mtaalamu mwingine, Conrad Elvehjem, alitambua kile kilichokosekana: ni vitamini iitwayo niasini.

Tumejifunza nini hapo? Kwanza, kushiba si kulishwa. Mtu aweza kujaza tumbo kila siku na mwili ukaoza. Pili, wanaume wale walinunua uhuru wao kwa afya zao, na elimu waliyotuachia inamfaa mama yeyote anayepika ugali Magu, Sengerema au Ukerewe. Tena kuna jambo litakalowashangaza. Chakula kinachojulikana sana katika magereza ya nchi yetu ni ugali wa dona na maharage. Watu hukicheka. Tulipokuwa chuoni, tukiletewa maharage siku ya nne mfululizo, tuligonga sahani kwa vijiko tukaimba, "Tumefungwa kosa gani?" Tulikuwa vijana, hatukujua tunachocheka. Dona ni mahindi pamoja na kiini na ganda lake, nayo yashinda sembe jeupe tulilolikoboa likabaki wanga mtupu. Na maharage hukamilisha kile ambacho mahindi hayana. Kasoro ya sahani hiyo ni nyingine. Ikija hivyo siku zote, bila mchicha, bila matembele, bila tunda, tunarudi kule London kwenye kiseyeye. Na ikiwa ndogo, mtu hukonda hata kama ni nzuri.

Mwauliza, na ndogo huwa kwa nini? Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Sufuria iliyopangiwa watu mia ikikutana na watu mia mbili, mwiko haufanyi mwujiza. Hapa Mwanza twalikumbuka jambo hilo. Julai 2019 hayati Rais John Magufuli aliingia katika gereza la Butimba akawasikiliza wafungwa na mahabusu wenyewe. Na siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba mwaka uleule, sherehe zikiwa hapa Mwanza, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, akitaja pia msongamano wa magereza.

Lakini huyo huyo, Julai 2018, alikuwa amesema ya kuwa ni aibu serikali kuwalisha wafungwa wenye nguvu, nao wanaweza kulima wakajilisha. Mzee wetu mwenye nyavu angelipenda neno hilo, na mimi nakubaliana naye. Kazi si tusi. Magereza yetu yana mashamba tangu zamani. Kitengule kule Karagwe na Mollo kule Rukwa yajulikana. Mfungwa aliyelima mahindi yake hawezi kuambiwa anakula kodi ya mtu. Ila tukumbuke mambo mawili. Mwenye jembe naye hula ndipo alime. Na mahabusu hajahukumiwa. Yeye angojea kesi, na huenda mwisho ikaonekana hana kosa.

Sababu ya pili ya sahani kuwa ndogo ni mkono wa mtu. Msidhani jambo hilo ni la nchi maskini tu. Katika jimbo la Alabama, Marekani, sheria ya zamani ilimpa mkuu wa polisi wa wilaya, waitwaye sherifu, fedha za chakula cha mahabusu, na kilichobaki kilikuwa chake. Serikali ya jimbo ilitoa dola 1 na senti 75 kwa kichwa kwa siku. Sherifu wa wilaya ya Morgan katika miaka mitatu alibakiza dola 212,000, zikaingia mfukoni mwake, huku waliomo wakila chakula hafifu, majuma kadhaa soseji zilizoviringishwa katika unga wa mahindi asubuhi na jioni. Januari 2009 jaji alimtia ndani sherifu mwenyewe mpaka alipokubali kuwalisha watu sawasawa. Mwaka 2019 sheria ile ikabadilishwa. Basi utajiri wa nchi peke yake haumlishi mfungwa. Kinachomlisha ni jicho la mtu wa kuuliza: fedha ilitoka, je, maharage yaliingia sufuriani?

Na sababu ya tatu ni desturi mbaya ya kuifanya njaa kuwa fimbo. Wakati wa ukoloni wa Waingereza katika Afrika Mashariki, chakula cha gerezani kilipangwa kwa rangi ya mtu. Mzungu chake, Mhindi chake, Mwafrika chake. Hata Nelson Mandela alipofungwa kisiwa cha Robben, Waafrika walinyimwa mkate waliopewa wafungwa wenzao Wahindi na machotara. Mwaka 1955, huko Geneva, mataifa yaliandika kanuni za kuwatunza wafungwa, lakini ziliruhusu bado mfungwa apunguziwe chakula kwa adhabu, mradi daktari aandike kwamba ataweza kustahimili. Ilichukua miaka sitini kuufunga mlango huo. Desemba 2015 Umoja wa Mataifa uliziandika upya, zikaitwa Kanuni za Nelson Mandela. Sasa zasema wazi: chakula kiwe cha kutosha afya na nguvu za mtu, kiwe safi, kimepikwa vema, kitolewe kwa saa zake, maji ya kunywa yapatikane kila anapoyahitaji, na chakula wala maji yasipunguzwe kamwe kwa adhabu. Kwa mahabusu zaongeza ya kuwa, akitaka, aweza kuletewa chakula na ndugu zake kwa gharama yao, kadiri utaratibu wa gereza unavyoruhusu. Asipoletewa, gereza ndilo limlishe.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Jumamosi ile. Tulifika langoni saa nne. Mama alikuwa na wali wake na sato, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Askari aliyekuwa zamu alikagua, akatuambia saa ya kuonana. Kijana akaja. Amekonda, lakini anasimama vizuri. Mama hakusalimu. Alisema tu, "Unakula?"

"Nakula, mama. Asubuhi uji, halafu ugali na maharage. Sishibi kama nyumbani, lakini nakula." Kisha akatazama lile kapu. "Samaki huyu umenunua kwa nini?"

Mama kimya.

"Umeuza mbuzi?"

Kimya.

"Na wadogo zangu wamekula nini leo?"

Hapo mama akalia. Kijana akaona haya mbele yangu, akatazama chini, akasema polepole, "Mama, usiuze yule wa tatu. Ukija tena, niletee dagaa wakavu kidogo, machungwa mawili, na sabuni. Ukikosa nauli, usije. Nitajua ni nauli."

Njiani kurudi mama hakuniambia neno mpaka tulipoliona ziwa. Ndipo akasema, "Nilidhani wamemsahau. Nilikuwa napika kwa hofu." Nami nadhani, wasomaji, wengi wetu wenye ndugu magerezani hufanya hivyo. Hofu hupika wali, hofu huuza mbuzi, na watoto wa nyumbani ndio huilipia.

Kwa hiyo naomba nitoe shauri kwa kila nyumba yenye mtu ndani. Kabla ya kuuza chochote, ulizeni kwanza langoni: yeye ni mahabusu au mfungwa, maana taratibu zao si moja, chakula gani kinakubaliwa, siku gani, saa ngapi. Usipeleke karamu. Peleka kile ambacho sahani ya kila siku haina, yaani tunda na kitoweo kidogo kikavu, kama kinaruhusiwa. Ikiwa ndugu yako ni mgonjwa, ana kisukari, au anameza dawa zinazotaka chakula, mwambie mganga wa gereza au mkuu wa gereza, kwa heshima na bila kuogopa. Kanuni zataka mganga akague chakula na kutoa shauri. Na ukipata habari kwamba anadhoofika, usinong'one kisimani. Mwambie mkuu wa gereza, au wakili, au padre anayekwenda kuwasomea misa. Kunong'ona hakujamshibisha mtu.

Nasi tulio nje tusijidanganye kwamba njaa ya ndani hubaki ndani. Kifua kikuu hupenda mwili uliokonda na chumba kilichojaa watu. Mtu yule siku moja atafunguliwa. Atapanda gari hilohilo, atalala nyumba hiyohiyo, atakohoa katika benchi hilohilo la kanisa. Tukimrudisha amevunjika, hataweza hata kulipa nyavu za mwenzake. Na Bwana wetu alipotaja wale atakaowaita upande wake wa kuume, aliwataja waliomwendea akiwa kifungoni. Hakusema alikuwa kifungoni kwa kosa gani, wala hakusema waliuliza.

Jioni ile nilipitia nyumbani kwa mzee mwenye nyavu. Nilimkuta akianua dagaa mchangani, amekodi nyavu za mtu. Nikamweleza yote, na habari za London, na za Mississippi. Alisikiliza huku anakusanya. Mwisho akasema, "Mwalimu, umenisomea ulimwengu mzima, lakini nyavu zangu bado hazijarudi."

Nikamwambia, "Kweli, baba. Hazijarudi."

Akakaa kitambo. Kisha akachukua kopo, akalijaza dagaa, akalifuta pembeni kwa kiganja kama afanyavyo sokoni, akanipa. "Mpe mama yake ampelekee. Umwambie sifuti kesi. Kesi ni kesi, chakula ni chakula. Mahakamani tutaonana."

Ndugu zangu, mimi nimesoma chuo, nimesoma na kanuni za mataifa, lakini sijaona neno lililolieleza jambo hili kuliko hilo. Hakimu na apime kosa, na aliyeibiwa alipwe haki yake yote. Njaa haimo katika sheria ya adhabu, na hakuna wa kuiingiza. Si mpishi, si mnung'unikaji wa nje, si mwenye kufuga fedha za maharage mfukoni.

Kesi haijaamuliwa hata leo ninapoandika. Sijui kama kijana aliiba au hakuiba. Dagaa walimfikia. Mbuzi wa tatu bado amefungwa nyuma ya nyumba ya mama, na wale wasichana Jumamosi iliyopita walikula ugali na mlenda kabla ya kwenda kuteka maji.

Hadi juma lijalo, Mungu awalinde.

Ni mimi, Karani wenu wa Parokia